Madaftari Mawili

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nimenunua daftari. Muuza duka alinishauri nichukue kaunta buku ya kwaya mbili, kwamba ya kwaya moja haitanitosha. Sikuwa nimemwambia ni ya nini. Alinitazama tu.

Agizo ni la mtaalamu wa lishe, binti wa rika la mwanangu wa kwanza ambaye huongea kama mama mkwe. "Mama, andika kila kinachopita mdomoni. Saa, kiasi, na hali uliyokuwa nayo." Nikamuuliza hali gani. Akasema ya moyo. Nimepiga mistari kwa rula, safu nne. Safu ya moyo nimeifanya nyembamba.

Maelezo ya awali: mwaka 2017 niliuza kiwanja cha Chanika, nikaenda Chennai, India, nikakatwa tumbo. Nilikwenda na kilo 128. Baada ya mwaka na nusu nilikuwa na 84. Leo asubuhi nina 109. Naambiwa kiwanja nacho kimepanda. Baba watoto huliita tumbo langu "kiwanja chetu." Nikishiba husema kiwanja kimejengwa.

Nimeazimia kuanza upya, mambo mawili kwa mpigo: kufuatilia upasuaji wa marudio, na kurudia mazoea mazuri niliyofundishwa nikayasahau. Mchana tumewapeleka watoto kwenye maonyesho. Banda moja walikuwa wanaonjesha asali, siagi ya karanga na juisi ya rozela. Kuonja si kula. Sijaandika.

Nilichokula: chai ya tangawizi bila sukari, yai 1. Hali ya moyo: nzuri.

Jumanne, 8 Julai

Kwa daktari wa upasuaji. Nimefika saa moja asubuhi, nimeonwa saa sita. Viti vya kusubiria kwenye kliniki ya wanene vina mikono ya chuma pande zote mbili. Jina langu lilipoitwa niliinuka, na kiti kikainuka.

Daktari anapenda kuchora. Mara ya kwanza, alisema, walitoa kama asilimia 80 ya tumbo, likabaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Kile kipande kilichotupwa ndicho kinachotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, ndiyo maana mwaka ule wa kwanza nilikuwa nasahau kula. Ni kweli. Nilikuwa nawaonea huruma watu wenye njaa, kama wana kasoro ya malezi.

Nikauliza kwa nini kilo zimerudi. Akasema sababu haiwi moja. Bomba hutanuka kadiri miaka inavyokwenda. Mwili nao hupigania uzito wake wa zamani. Halafu kuna vyakula laini, uji wa sukari, juisi, aiskrimu, ambavyo huteleza kwenye bomba bila kupiga hodi, mtu asishibe. "Unakunywa uji?" Nikasema mara mojamoja. Chupa ya uji wa ulezi ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ilikuwa inavuja.

Anachofikiria ni kuigeuza slivu, yaani lile bomba, iwe baipasi, hasa kwa sababu ya kiungulia kinachoniamsha usiku. Kitabaki kifuko cha kama mililita 30, nusu ya kikombe cha kahawa ya kijiweni, na utumbo utaunganishwa kwa umbo la Y, mtindo uliopewa jina la César Roux, daktari wa Lausanne, Uswisi. Akaongeza kwamba baipasi ya kupunguza uzito ilianza mwaka 1966 kwa Mmarekani Edward Mason, wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliyeona kuwa waliokatwa tumbo kwa ajili ya vidonda hawanenepi. Hapo akaweka kalamu chini. Upasuaji wa pili si wa kwanza: kuna makovu, viungo hugandana, hatari ya kuvuja ni kubwa zaidi, na kilo zinazopungua mara nyingi huwa chache.

Baba watoto akauliza kama kuna punguzo kwa mteja wa zamani.

Nimepewa orodha: endoskopi, picha ya beriamu, vipimo vya damu, mtaalamu wa lishe, mtaalamu wa saikolojia, kisha jopo la madaktari. "Na mazoea," alisema daktari. "Kisu hakifanyi kazi peke yake." Nimeandika.

Jumatano, 9 Julai

Siku ya kwanza ya mazoea. Kanuni: protini kwanza, tafuna kila tonge mara 25, usinywe kitu pamoja na chakula, subiri nusu saa.

Asubuhi nimepita kituoni. Mama ntilie alinipa kilicho changu kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na daladala ilikuwa inakuja. "Naandika, mama!" alipaza sauti. Nikampungia mkono. Nilikula nimesimama. Nimefikiria sana kama chakula cha kusimama kina safu yake.

Mchana kikao cha ofisi, na chakula mezani. Bosi aliuliza nani anajua lile kontena la vigae limekwamia wapi. Najua mimi. Nilikuwa kwenye namba 11. Akarudia swali, nikiwa kwenye 17. Nikanyoosha kidole, kumbe kunyoosha kidole ni kujitolea. Nilipofika 25, kontena lilikuwa langu, na bosi alikuwa ameshanishukuru kwa kutobisha kama wengine.

Nilichokula: samaki kipande 1, mchicha, chapati nusu. Hali ya moyo: nimetafuna.

Ijumaa, 11 Julai

Mzani wa nyumbani una maoni mengi. Juu ya zulia 106. Juu ya vigae 109. Nikiegemea friji, 101. Nimeamua kutafuta mzani usionijua.

Kuna kijana hukaa na mzani karibu na kituo, na kibao: PIMA UZITO NA UREFU. Nikapanda. Akasoma kwa sauti ya mnada: "Mia na tisa!" Mpita njia akasimama, akauliza, "Mia na tisa elfu? Nini hiyo?"

Kijana ana kikokotoo. Urefu wangu mita 1.62, kwa hiyo uwiano, ile BMI, ni 41.5. Kanuni hii ya kugawa uzito kwa urefu uliozidishwa kwa urefu ilitokana na kazi ya Mbelgiji wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, mtu wa hesabu na elimu ya nyota. Hakuwa daktari. Kwa hiyo nimepimwa na mtu wa nyota.

Kwenye karatasi yake ya plastiki imeandikwa: *Zaidi ya 40, muone daktari.* Nikamwambia nimeshamwona. Akasema, "Basi muone na mwingine."

Jumamosi, 12 Julai

Mazoezi. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Daraja la Tanzanite, kilomita moja na ushee juu ya bahari, upepo wa bure. Watu wanakimbia huku wanaongea. Mimi nilitembea bila kuongea. Mzee mmoja alinipita mara tatu, na kila mara alinipa pole. Nikaitikia "Shikamoo" mbili. Ya tatu sikuwa na pumzi. Alijiitikia mwenyewe.

Nimesoma kwamba hizi hatua 10,000 za kila siku hazikuanzia hospitali. Mwaka 1965, Wajapani waliingiza sokoni kifaa cha kuhesabu hatua, wakakiita Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Miaka yote hii nimekuwa nikishindwa na jina la bidhaa.

Daraja linaishia Coco Beach, na Coco Beach kuna mihogo. Muuzaji akaniuliza, "Dada, ile ya kawaida?" Sikujua kama nina ya kawaida. Ikaja: mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili nyingi, ukwaju. Ndiyo.

Nimerudi Tabata kwa bajaji. Simu inasema hatua 9,870. Kwa hesabu yangu, hatua 5,000 ni zangu. Zilizobaki ni za bajaji, kwenye ile barabara ya mashimo. Nimeandika 9,870. Kulipa nauli nililipa mimi.

Jumapili, 13 Julai

Kikao cha harusi ya binti wa jirani. Nilikwenda nikiwa nimejiapiza kutokubali kazi yoyote. Mwenyekiti alipofika kwenye kamati ya chakula alinyamaza, akanitazama, na wote wakanitazama. "Mama anaonekana anakijua chakula." Wakapiga makofi.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya chakula. Kazi ya kwanza ni kuzungukia wapishi watatu na kuonja biriani zao. Kuonja, kama nilivyokwisha kusema, si kula.

Jumanne, 15 Julai

Kwa mtaalamu wa lishe, na daftari. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, akijumlisha pembeni kwa penseli. Kisha akaniambia kwa upole kwamba kwa mujibu wa daftari hili nakula kama kalori 640 kwa siku. "Mama, kwa kiwango hiki tungekuwa tunakuona unapungua hapo ulipokaa."

Nilitulia, asikose kuona.

Aliandika kitu kwenye faili. Najua kusoma maandishi yaliyopinduka, ni ujuzi wa kazi. Kaandika: *Kumbukumbu zina upungufu.* Nimefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini miaka 18. Mzigo uliotangazwa pungufu naujua kwa harufu. Sikutegemea siku moja niwe mzigo.

Ameniwekea lengo la protini, gramu 60 mpaka 80 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Mayai kumi, nikasema. Akasema hapana, kuna dagaa, samaki, maharage, kuku, mtindi usio na sukari. Nyumbani nimetangaza dagaa kila jioni. Watoto wameuliza kama baba amefukuzwa kazi.

Alhamisi, 17 Julai

Vidonge. Nilipaswa kuvimeza maisha yangu yote tangu 2017. Niliacha nilipopendeza. Sasa vimerudi: vitamini mchanganyiko, B12, vitamini D, madini ya chuma, kalsiamu. Chuma na kalsiamu havipatani, lazima vipishane kama saa mbili. Chuma na chai navyo havipatani. Hapo ndipo nilipojua kwamba asubuhi zangu zote zimekuwa za ugomvi.

Nimetega kengele tano kwenye simu. Mwanangu wa mwisho amenisaidia kuchagua mlio.

Jioni tulikuwa msibani mtaa wa pili. Shehe alikuwa katikati ya dua, ua zima kimya, vichwa vimeinama. Ikafika saa ya kalsiamu. Ikalia singeli.

Simu ilikuwa chini kabisa ya mkoba, chini ya hotipoti la msibani. Mdundo uliingia mpaka ubeti wa pili. Bibi mmoja alitikisa bega, akajizuia. Nimemeza kalsiamu bila maji.

Jumamosi, 19 Julai

Mama amefika kutoka Tanga na nazi kumi na mbili, visheti, mikate ya kumimina na jiko la kuipikia mingine.

Mwaka 2018, nilipofika kilo 84, mama alipanda basi asubuhi, akaingia kwangu mchana, akanivuta chumbani na kufunga mlango. "Mwanangu, usinifiche. Siku hizi dawa zipo." Nilimweleza habari ya upasuaji. Akasema nimwambie ukweli. Nikamwonyesha makovu. Akalia, halafu akapika.

Leo alinishika mashavu pale mlangoni. "Sasa umenawiri! Umekuwa mtu!" Nikamwambia, mama, nataka kurudi kukatwa tena. Akakaa. Nikamweleza alivyochora daktari, kwamba tumbo lilibaki kama ndizi.

"Ndizi gani?" akauliza.

Sikuelewa.

"Kuna ndizi na ndizi. Mkono wa tembo? Mzuzu? Kisukari? Unakwenda kukatwa hata ndizi yenyewe huijui?"

Nimeliandika swali hili kwa ajili ya daktari.

Nilichokula: sijui nianzie wapi.

Jumatatu, 21 Julai

Vipimo. Hakuna kula tangu saa sita usiku. Nimeamka saa nane kuhakikisha sina njaa.

Beriamu ilitangulia, siku yake: kikombe cha kitu cheupe kizito, kama chokaa iliyotiwa ladha ya stroberi na mtu aliyesimuliwa stroberi. Unakunywa, mashine inapiga picha kinavyoshuka. Nimeandika: beriamu, kikombe 1, protini 0.

Leo endoskopi. Walinipulizia ganzi kooni, wakanichoma sindano ya usingizi, na mpira wenye kamera ukaingia. Sikumbuki mengi. Nakumbuka nikiwa kwenye kiti cha magurudumu, ulimi mzito kama gunia, na baba watoto ameinama kuniuliza jambo. Nilijaribu kusema hapana. Ilitoka "mmm."

Jioni nimefahamishwa kwamba nimekubali dada zake wote wanne waje Jumapili.

Majibu: tindikali inapanda, umio umechubuka. Kiungulia changu kina ushahidi sasa, nilikuwa sijazoea kuaminiwa. Nikamuuliza daktari swali la mama. Hakucheka. Alitazama picha muda mrefu. "Lilipokatwa lilikuwa kisukari," alisema. "Sasa hivi linaelekea mzuzu."

Nimempigia mama, yuko jikoni. Akasema, "Ahaa." Tangu hapo anamwita "daktari wetu."

Jumapili, 27 Julai

Mawifi. Walikuja na sufuria ya pilau, kwa kuwa walisikia siko vizuri.

Kanuni inasema tumia sahani ndogo. Nikaenda kabatini, nikajitolea kisosi. Wifi mkubwa alidhani ni cha kachumbari. Akakijaza kachumbari, akaniletea na sahani ya kulia.

"Wifi, mbona huli?" Nikasema natafuna. "Hujapenda mkono wetu?" Nimeupenda. "Ongeza kidogo." Nikakataa. "Kidogo tu." Nikakataa. Mtu anaweza kukataa mara mbili. Ya tatu inakuwa kesi, na hakimu ni baba watoto. Nikaongeza.

Daktari alitoa asilimia 80 ya tumbo langu. Mkono wa wifi hakuugusa.

Wakati wa kuondoka mdogo wao alininong'oneza kwamba naye anataka kukatwa, nimpe namba ya daktari, ila kaka asijue. Alikuwa amekula kuliko sisi sote, kwa amani kubwa.

Nilichokula: pilau, sahani 1. Nimefuta. Sahani 1 na kidogo. Nimefuta. Sahani 2. Hali ya moyo: nimeshiba mpaka kooni, kiungulia saa nane usiku. Hii ni mara ya kwanza nimefuta kwenda juu.

Jumanne, 29 Julai

Mtaalamu wa saikolojia. Chumba kina zulia na sanduku la tishu, na kiti hakina mikono. Nilimwamini hapohapo.

"Je, huwa unakula ukiwa na huzuni?"

Nikafikiri. Ndiyo, msibani. Chakula kinakuwepo.

"Na ukiwa na furaha?"

Harusini.

"Na ukiwa huna lolote, uko peke yako tu?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nangoja tonge liishe, kisha nikakumbuka sina tonge. Nikamwambia kwamba pale kituoni, asubuhi, kabla nyumba haijaniita na ofisi haijaniita, kuna dakika kumi ambazo hakuna anayenitaka kitu. Naongea na mama ntilie. Nashika kikombe cha moto. Akaniuliza huwa nakula nini hapo. Nikasema chai tu.

Aliandika muda mrefu kuliko urefu wa "chai tu."

Alhamisi, 31 Julai

Mshahara umeingia. Nimepita kituoni kulipa deni.

Mama ntilie ana daftari lake, la shule, jalada limelowa mafuta hadi linaonyesha ndani. Kila mteja ana ukurasa. Juu ya wangu ameandika *Mama Forodha*. Chini, kwa vijiti vitano vitano, mwezi mzima umepangwa vizuri kuliko faili lolote la ofisini kwetu:

Chapati 37. Supu 11. Maandazi 22. Chai ya maziwa 19. Jumla 54,400.

Nikaomba anitenganishie zile za kabla ya tarehe 7, maana mimi nilianza tarehe 7. Akahesabu kwa ncha ya kisu. Chapati zilikuwa nane. Zikabaki 29. Nikatoa daftari langu mkobani, nikahesabu safu ya pili. Kwangu, tangu tarehe 7, chapati ni nne na nusu.

Nikasema labda nyingine ni za watoto.

"Za watoto ziko ukurasa wao," akasema. Akanionyesha.

Nilisimama pale na madaftari mawili. La kwangu lina mistari ya rula, safu ya saa, safu ya moyo, na kalori 640. La kwake lina mafuta. La kwake ndilo lenye kilo 109.

Nimelipa. Akapiga mstari juu ya ukurasa mzima na kufungua mpya. "Agosti," akasema, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamwomba ruhusa ya kuupiga picha ule wa Julai. Akaujaribu mwanga, akafuta jalada kwa kanga, akalishika daftari sawasawa kama anayepiga picha ya pasipoti.

Jumanne, 5 Agosti

Kwa mtaalamu wa lishe. Niliweka daftari langu mezani, na juu yake simu yenye picha.

"Hili ni langu," nikasema. "Na hili ni la kweli."

Aliikuza picha kwa vidole viwili. Alikaa kimya mpaka nikadhani ataniondoa kwenye orodha. Nikaanza kujitetea: chapati nyingine nilikula nimesimama, maandazi nilidhani ni sehemu ya chai, uji sikuuandika kabisa kwa kuwa unapita. Akainua mkono.

"Mama, hii ndiyo kumbukumbu ya kwanza niliyopata mwaka huu yenye bei."

Hakunigombeza. Alisema watu karibu wote huandika pungufu, wanene na wembamba, na kwamba kilo si hukumu ya tabia. Mwili uliowahi kupungua hudai, na njaa yangu si uongo. Lakini jopo likinipa baipasi huku chai ya maziwa ya sukari na maandazi vikiendelea kuteleza, tutaonana tena baada ya miaka minane na picha nyingine. Akafuta *zina upungufu*, akaandika kitu kingine. Safari hii alifunika kwa mkono.

Tumekubaliana mambo matatu tu. Supu ibaki, ina protini, ila nyama kwanza. Chai isiwe na sukari, na isikutane na kidonge cha chuma. Chapati iwe moja, nusu saa kabla ya kunywa chochote. Zile dakika kumi nisiziguse. Alisisitiza hilo. Nikamuuliza nani kamwambia habari za dakika kumi. Akasema watu wa jopo huongea.

Faili limekwenda mbele. Tarehe haijapangwa. Baba watoto ameanza kuulizia viwanja.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Ofisi zimefungwa. Nimekwenda kituoni hata hivyo, kwa miguu, bila bajaji. Simu imesoma hatua 1,120. Nazidai zote.

Kijana wa mzani alikuwepo. Nikapanda. "Mia na saba na nusu!" akatangaza. Nikasubiri mpita njia. Hakuna aliyegeuka.

Nilimweleza mama ntilie makubaliano. Alisikiliza huku anageuza chapati kwa vidole, hakusema kama ni vizuri wala vibaya. Akanipa supu, nyama juu. Nikakaa kwenye benchi. Nyama nilitafuna mara 25. Alinisubiri, maana alikuwa ananisimulia habari za mkwewe na alitaka nishangae mahali panapostahili. Nilishangaa nikiwa kwenye 19, bila kufungua mdomo. Ilitosha.

Mama alinipigia kutoka Tanga kuuliza ndizi imefikia wapi. Nikamwambia iko palepale. Akasema nisiiharakishe.

Chapati ilikuja kwenye karatasi. Nikaila. Ilikuwa ya moto, laini pembeni, na imepigwa vizuri. Bado kulikuwa na nyingine tano kwenye hotipoti, kifuniko wazi, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza safari.

Mama ntilie alichukua kalamu sikioni, akalifungua daftari kwenye ukurasa wangu.

"Niandike?" akauliza.

Nikamwambia aandike moja.

Akaandika moja.